Kuni Zisizo na Moshi

Baba, uliniuliza swali moja tu kuhusu kazi yangu,
mwaka ule ulioacha kunipa mkono
ukidhani vidole vyangu vinang'aa gizani:
"Kinanguruma?"
Nilikasirika. Sikukujibu.

Usiku huu ni zamu ya kubadili kuni.
Nimesimama kwenye daraja la mashine, juu ya kisima.
Kifuniko cha kinu kimeng'olewa,
na chini yangu, chini ya maji masafi kuliko machozi,
limelala sega.

Ndiyo, sega. Mafungu mia tatu arobaini na tisa,
kila fungu pembe sita, bega kwa bega,
kama fremu ulizoinua kule kwenye msitu wa akasia.
Ndani ya fungu, fimbo; ndani ya fimbo, vidonge vyeusi
vya urani iliyookwa kama chungu.
Kidonge kimoja hakijazi ncha ya kidole chako cha mwisho,
nacho kinatosha tela zima la makaa
alilokuletea Szilveszter kila vuli, akikupunja.

Si urani yote inayowaka.
Katika kila mia, nne hivi ndizo zenye hasira.
Zilizobaki hutazama,
ingawa nyingine, zikichokozwa sana,
hugeuka plutoni, nazo zikaingia kazini.

Kiini kinapasuka, kinarusha nyutroni mbili, tatu.
Siku yangu ya kwanza nilidhani mbio ndiyo nguvu.
Mkufunzi wetu akacheka:
mwenye mbio hupita mlangoni bila kubisha.
Lazima maji yampunguze,
kama mtu mwenye haraka anayekatiza sokoni
na kila muuzaji anamshika mkono, anamuuliza hali.
Afikapo ametulia. Ndipo kiini kinampokea,
na kinapasuka.

Tukitaka kuwatuliza, tunatia boroni majini,
inawameza wapitao.
Ni kama ulivyopuliza moshi mzingani:
nyuki hawakufa, walisahau ugomvi.

Halafu joto. Maji ya kwanza yamebanwa hata hayawezi kuchemka,
yanayapasha maji ya pili ng'ambo ya ukuta wa mabomba,
ya pili yanakuwa mvuke, mvuke unasukuma gurudumu,
na Danubi inapita nje ikipoza kila kitu.
Umeona? Mwisho wa elimu yote hii
ni birika.

Saa tisa kasoro robo ninainua fungu la arobaini na moja.
Linapanda sentimita kwa sentimita
na maji yanawaka buluu,
buluu isiyo ya mbingu wala ya ua,
ya vijichembe vinavyoipita mbio nuru yenyewe ndani ya maji.
Gellért, kijana wa zamu, amesahau kufunga mdomo.
Ninamwambia: tazama mizani, usitazame uzuri.
Maji haya ndiyo ukuta wetu.
Likitoka nje ya maji, hakuna atakayesimulia.

Kinu kilizimwa siku kumi zilizopita. Fungu bado ni moto.
Hilo shuleni walilisema kwa hesabu, nikafaulu,
nisilielewe mpaka tulipokuzika:
kuzima si kupoa.
Litakaa bwawani miaka, pampu zikililinda,
na baada ya bwawa bado tunabishana
tulilaze wapi, chini ya mwamba gani,
kwa miaka ambayo lugha yetu haitaifikia.
Sikufichi. Uliogopa, lakini hukuwa mjinga.

Majira ya baridi uliinama kwenye mzinga wenye theluji,
ukabandika sikio kwenye ubao, ukaniita:
Piroska, njoo, wapo hai.
Hapa sina pa kubandika sikio.

Lakini hakingurumi, Baba.
Zinazonguruma ni pampu, na turbini,
na tumbo la Gellért aliyesahau mkate wake nyumbani.
Chenyewe ni kimya.

Fungu linashuka kwenye tundu lake.
Ninaandika namba, saa, jina langu.
Limekaa.
Linalofuata.